Serikali ya Mjomba na Wapwa: Kisa cha Lord Salisbury na Uteuzi wa Novemba 1900

Oktoba 1900, Vita vya Makaburu vikiwa bado vinaendelea huko Afrika Kusini, wapiga kura wa Uingereza walikirudisha madarakani chama cha Conservative pamoja na washirika wake, wale Waliberali waliojitenga na chama chao kwa sababu ya suala la Ireland. Waziri Mkuu alikuwa Robert Gascoyne-Cecil, kabaila wa cheo cha markizi, aliyejulikana zaidi kwa jina la cheo chake, Lord Salisbury. Alikuwa na umri wa miaka 70, macho yanamsumbua na mwili umekuwa mzito, na tangu 1895 alikuwa ameshika kwa pamoja uwaziri mkuu na uwaziri wa mambo ya nje. Malkia Victoria na mawaziri wenzake walimsihi aupunguze mzigo huo, naye Novemba akalipanga upya baraza lake na kumkabidhi Lord Lansdowne Wizara ya Mambo ya Nje.

Mabadiliko hayo yangepita kimyakimya kama si majina mengine yaliyotangazwa pamoja nayo. Lord Selborne, mume wa binti yake mkubwa, alipewa wizara ya majeshi ya wanamaji, ambayo katika dola iliyotegemea bahari ilikuwa miongoni mwa nafasi nzito kuliko zote. James, mwanawe wa kwanza wa kiume na mrithi wake, aliyekuwa akitumia jina la heshima la Lord Cranborne, akawa Naibu Waziri wa Mambo ya Nje. Gerald Balfour, mtoto wa dada yake, alihamishwa kutoka masuala ya Ireland na kupewa Wizara ya Biashara. Kaka yake Gerald, yaani Arthur Balfour, alibaki kiongozi wa shughuli za serikali katika Bunge la chini, nafasi iliyomfanya kuwa mtu wa pili kwa nguvu baada ya mjomba wake. Mwana mmoja, mkwe mmoja na wapwa wawili, wote wakiwa chini ya baba, mkwe na mjomba yuleyule.

Wapinzani hawakukosa jina la kuiita serikali hiyo. Waliiita Hotel Cecil, kwa kufuata hoteli kubwa iliyofunguliwa London mwaka 1896 karibu na ukingo wa mto Thames, mahali ambapo zamani ilisimama nyumba ya ukoo wa Cecil. Lord Rosebery, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu kwa tiketi ya chama cha Liberal, alimpongeza kwa kejeli kuwa mkuu wa familia yenye kipaji cha utawala kisichopata kuonekana. Hata ndani ya chama chake Salisbury wapo wabunge walionung'unika waziwazi, kwa maana kila nafasi iliyokwenda Hatfield, nyumbani kwa Salisbury, ilikuwa nafasi moja pungufu kwa mtu aliyetumikia chama miaka mingi bila ya kuwa na mjomba Waziri Mkuu.

Kwa lugha ya mitaani leo tungesema hii ni undugunaizesheni, na shauri lingeishia hapo. Mimi naona kisa hiki kinastahili kuchunguzwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu Salisbury hakuwa mtu mwenye tamaa ya fedha wala ya vyeo. Malkia alipotaka kumpandisha awe duke, cheo cha juu kabisa cha kikabaila, alikataa. Mwaka 1867, akiwa waziri wa masuala ya India, alijiuzulu kwa kupinga sheria ya serikali yake mwenyewe iliyopanua haki ya kupiga kura, wala hakurudi uwaziri hadi 1874. Mtu wa namna hiyo anapojaza baraza ndugu zake huku akiamini kwa dhati kwamba hakufanya kosa, jibu litafutwe katika maisha yake.

Alizaliwa tarehe 3 Februari 1830 katika jumba la Hatfield, kaskazini mwa London, lililojengwa na babu yake wa kale, Robert Cecil, na kukamilika 1611. Huyo Robert Cecil alikuwa waziri mkubwa wa Malkia Elizabeth wa Kwanza na wa mfalme aliyemfuata, na kabla yake baba yake, William Cecil, alikuwa mshauri mkuu wa malkia huyohuyo kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo katika ukoo huu kumrithisha mtoto kazi ya serikali lilikuwa jambo la tangu enzi, nalo ndilo lililoujenga ukoo wenyewe. Utajiri wa karibu zaidi uliletwa na mama yake, Frances Gascoyne, mrithi wa mali nyingi zikiwemo za upande wa Liverpool, na ndiyo maana jina lake likaunganishwa na la Cecil. Mama huyo alifariki 1839, mtoto akiwa na miaka tisa.

Utoto wake ulikuwa wa upweke na mateso. Katika shule ya Eton wenzake walimpiga na kumdhalilisha kwa kiasi ambacho baba yake alilazimika kumtoa akiwa na miaka 15 na kumsomeshea nyumbani. Afya dhaifu ilimfuata hadi Oxford, na baada ya hapo madaktari wakashauri safari ndefu ya baharini, iliyomchukua kutoka 1851 hadi 1853 kupitia Rasi ya Tumaini Jema, Australia na New Zealand. Aliporudi, akiwa na miaka 23 na bila kazi, alipata kiti cha ubunge cha Stamford. Kiti hicho kilikuwa chini ya ushawishi wa Markizi wa Exeter, jamaa yake wa tawi jingine la ukoo wa Cecil, naye alikikalia kwa miaka 15 bila kupingwa hata mara moja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu lina uzito mkubwa katika kisa chetu: mmoja wa mawaziri wakuu waliodumu muda mrefu zaidi katika historia ya Uingereza hakuwahi kusimama mbele ya wapiga kura akiwa na mshindani.

Ndoa yake ndiyo iliyomgawanya na baba yake. Mwaka 1857 alimwoa Georgina Alderson, binti wa jaji. Msichana huyo alikuwa na akili kali, imani thabiti ya dini na ulimi usioogopa mtu, lakini hakuwa na mali wala nasaba ya kumridhisha markizi wa pili. Baba alitaka mwanawe, ambaye hakuwa mrithi, aoe mwanamke mwenye fedha, na akamwonya kwamba atakosa pesa na atatengwa na watu wa tabaka lake. Kijana alijibu kwa barua kwamba watu watakaomtenga kwa kumwoa Bi Alderson ndio haohao ambao yeye mwenyewe anatamani kuachana nao. Harusi ilifanyika Julai bila baba kuhudhuria. Wenye mapenzi walihamia makazi ya kawaida London, na kwa kipindi fulani waliishi Fitzroy Square, mtaa ambao makabaila wa hadhi yao walikuwa wameshauhama.

Hapo ndipo alipoanza kuishi kwa kalamu. Aliandika mamia ya makala katika magazeti ya uchambuzi, hasa Saturday Review na Quarterly Review, juu ya siasa za nje, Ujerumani, Marekani, fedha za serikali na vitabu vipya, nyingi bila jina lake. Watoto walizaliwa mmoja baada ya mwingine na makala ndizo zilizoendesha nyumba. Miaka hii ilimjengea imani kuu ya maisha yake, kwamba yeye ni mtu aliyejitengenezea njia kwa akili na jasho lake mwenyewe. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli. Lakini mmiliki wa Saturday Review alikuwa Alexander Beresford Hope, shemeji yake, mume wa dada yake Mildred. Makala zilikuwa nzuri, hakuna anayebisha, ila mlango ulifunguliwa na ndugu kama ule wa Stamford ulivyofunguliwa na ndugu.

Naliona hili kuwa kiini cha kisa chote. Salisbury aliuona ukuta ambao baba yake alimwekea, akaukumbuka maisha yake yote, lakini milango ambayo jamaa zake walimfungulia hakuihesabu kuwa milango. Mtu wa namna hii akimteua mpwa wake haoni upendeleo. Anaona kijana hodari amepata nafasi ya kuonyesha uhodari, kama yeye alivyopata.

Mambo yalibadilika Juni 1865, alipofariki kaka yake mkubwa, James, ambaye alikuwa kipofu na hakuacha mtoto. Mwandishi wa magazeti akawa mrithi wa Hatfield, na baba alipofariki Aprili 1868 akawa Markizi wa Salisbury na kuhamia Bunge la Malodi. Kutoka hapo alipanda hadi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje 1878 na Waziri Mkuu mara tatu: 1885 hadi 1886, 1886 hadi 1892, na 1895 hadi 1902.

Nyumba ya Hatfield aliyoirithi aliigeuza kuwa jambo jipya kabisa kwa tabaka lake. Alikuwa na maabara yake ya kemia na umeme, akatandaza nyaya za taa za umeme wakati nyumba nyingi za makabaila bado zinawasha mishumaa, na nyaya hizo zilipotoa cheche mezani, familia iliendelea na mazungumzo huku wageni wakishtuka. Watoto saba walikua hadi utu uzima, mabinti wawili na wavulana watano. Binti mwingine, Fanny, alifariki akiwa mdogo. Georgina na mumewe hawakuwalea kwa viboko wala kwa kuwanyamazisha. Mezani kila mtoto aliruhusiwa kubishana na yeyote, juu ya jambo lolote, ilimradi ajue kujitetea, na baba aliwajibu kwa heshima ileile aliyowapa wageni wa nchi za nje. Mmoja wao akiwa bado mdogo alisema kwamba baba anamtendea kama balozi na kwamba jambo hilo linampendeza sana. Nje ya meza hiyo Waziri Mkuu alikuwa mpweke. Hakupenda karamu, aliwasahau watu sura, na anasimuliwa kwamba mara kadhaa alishindwa kuwatambua hata watu aliofanya nao kazi.

Kwa hiyo mduara wake wa watu aliowaamini ulikuwa finyu mno, na karibu wote walikuwa damu moja. Wapwa zake akina Balfour walifiwa na baba mapema, mwaka 1856, na mjomba akawa sehemu ya malezi yao. Mwaka 1878 Arthur alifanya kazi akiwa katibu binafsi wa mjomba wake, na mwaka huohuo akafuatana naye kwenye Mkutano wa Berlin, si ule wa baadaye wa kugawana Afrika. Robert, mwanawe wa tatu, naye baadaye alikuwa katibu binafsi wa baba kwa muda. Binti yake Gwendolen, ambaye hakuolewa, alikaa naye hadi mwisho na ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha maisha yake katika majuzuu manne. Serikali na sebule vilikuwa kitu kimoja kwa miaka mingi kabla ya Novemba 1900.

Msiba wa Novemba 1899 uliufinya mduara huo zaidi. Georgina alipatwa na kiharusi kiangazi cha mwaka ule na kufariki tarehe 20 Novemba. Wakati huo mwana wao Edward, mwanajeshi, alikuwa amezingirwa na Makaburu ndani ya mji wa Mafeking, na mama alifariki bila kujua kama mwanawe atatoka hai. Wiki hiyohiyo Kaisari wa Ujerumani alikuwa mgeni wa Malkia katika kasri la Windsor, na Waziri Mkuu hakuwepo kumpokea kwa sababu alikuwa anamzika mkewe. Waliomjua walisema hakuwa tena mtu yuleyule. Mwaka mmoja baadaye ndipo alipoketi kupanga baraza, akiwa mjane mchovu anayewaamini wachache, na wachache wenyewe ni wale wa mezani kwake.

Utetezi wake mwenyewe unajulikana. Alimwandikia Arthur Balfour kwamba ndugu waliomo serikalini ni walewale waliokuwemo tangu 1895, ukimtoa mwanawe James, na kwamba nchi imekwisha kupiga kura mara mbili ikiwajua. Kama wapo waliopandishwa, alisema, haiwezekani ndugu za Waziri Mkuu wafanywe kundi la watu wanaoweza kuajiriwa lakini wasiweze kupandishwa daraja. Ni hoja ya mtu mwenye akili, na kwa hesabu ya majina ni sahihi. Inayopungua ni kwamba wapiga kura wa Oktoba 1900 walipiga kura kuhusu vita. Orodha ya mawaziri waliipata Novemba, kura zikiwa zimekwisha kuhesabiwa.

Haki inataka kila mmoja apimwe peke yake. Arthur Balfour alipopelekwa kusimamia Ireland Machi 1887, akiwa na miaka 38, watu walicheka kwamba mjomba amempeleka mwanafalsafa dhaifu kwenye tanuru. Miezi michache baadaye polisi waliua watu watatu mjini Mitchelstown, na Waireland wakambatiza jina la Balfour mwenye damu. Mtu anaweza kuichukia siasa yake ya mkono wa chuma, kama ninavyoichukia mimi, lakini hawezi kusema kwamba alibebwa: kufikia 1891, alipokuwa kiongozi wa Bunge la chini, chama kizima kilikuwa kinamtaka. Selborne naye aliithibitisha nafasi yake, kwani ndiye aliyempandisha Admeri Fisher na kuyaunga mkono mageuzi yaliyolibadilisha jeshi la wanamaji kabla ya vita vya 1914. Gerald Balfour ni wa kawaida, msomi mwadilifu ambaye bila jina lake huenda asingefika barazani. James ndiye asiyeteteeka. Kabla ya hapo hakuwahi kushika wadhifa wowote wa uwaziri, na aliwekwa moja kwa moja katika nafasi ambayo, kwa vile Lansdowne alikuwa katika Bunge la Malodi, ilimfanya kuwa msemaji wa mambo ya nje mbele ya wabunge wa kuchaguliwa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapa ametunzwa kabla ya kucheza.

Kisa hiki kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Salisbury ndiye aliyesimamia mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, ambao Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nayo ikaachia Witu, katika pwani ya Kenya ya leo, na kuutambua ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja na Pemba. Sultani Ali bin Said aliupoteza uhuru wa dola yake kwa makubaliano yaliyofikiwa mbali naye. Miaka sita baadaye, Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki na Khalid bin Barghash, mtoto wa sultani aliyewahi kutawala, akaingia kasrini kudai urithi. Serikali ya Salisbury haikuukubali urithi usio na idhini yake, na tarehe 27 Agosti manowari za Uingereza ziliipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, watu mamia wakauawa au kujeruhiwa, na Hamoud bin Mohammed akasimikwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na baada ya kukamatwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza na kuhamishiwa ng'ambo, alifariki Mombasa 1927. Mzee ambaye kwake cheo kushuka kutoka baba hadi mwana lilikuwa jambo la kawaida kama mvua za masika alikuwa ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nani katika ukoo wa Busaid anastahili kukirithi kiti cha baba yake. Wanahistoria wa Ulaya huyatenga mambo haya mawili katika sura tofauti. Kwa msomaji wa Unguja ni mtu mmoja na mamlaka ileile.

Salisbury alijiuzulu tarehe 11 Julai 1902, na siku iliyofuata Arthur Balfour akawa Waziri Mkuu. Hapakuwa na uchaguzi mkuu wala kura ya wabunge wa chama. Joseph Chamberlain, mwanasiasa pekee aliyeweza kushindana naye, alikuwa amelazwa kwa jeraha la kichwa baada ya ajali ya gari la farasi siku chache kabla, naye alikubali. Mjomba alimwachia mpwa serikali, na tarehe 22 Agosti 1903, miaka 50 tangu aingie Bungeni, alifariki Hatfield na kuzikwa katika kanisa la hapohapo badala ya Westminster.

Familia haikudumu kuwa kambi moja hata chini ya Balfour. Mjadala wa ushuru wa bidhaa kutoka nje ulipoupasua chama kuanzia 1903, kitinda mimba Hugh na kaka yake Robert walisimama upande wa biashara huria dhidi ya mwelekeo wa chama cha binamu yao, wakibishana naye kwa uhuru uleule waliofundishwa mezani. Kisha ukaja uchaguzi wa Januari 1906. Chama kilichokuwa na viti 402 mwaka 1900, pamoja na washirika wake, kilibaki na viti visivyofika 160. Arthur Balfour alishindwa katika jimbo lake la Manchester, Gerald akashindwa Leeds, Hugh akashindwa Greenwich. Arthur alitafutiwa jimbo jingine la London ndani ya wiki chache na akaendelea kukiongoza chama hadi 1911; Gerald hakurudi tena Bunge la chini. Mmoja tu wa ukoo ule aliingia Bungeni kwa mara ya kwanza katika uchaguzi huo: Robert, aliyekuwa ametumia karibu miaka 20 mahakamani akifanya kazi ya uwakili, na ambaye mwaka 1937 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake katika Shirikisho la Mataifa.